Buibui wa kahawia wenye vifuko vya miiba: wageni au wenyeji wetu, na wanaondolewaje nyumbani?

#1 Bustani_Mbweni
Wakuu, habari za jioni. Kuna buibui anazidi kutapakaa Dar na watu hawamtilii maanani. Rangi yake ni kahawia, tumbo duara kama punje ya dengu, miguu ina pingili nyeusi na hudhurungi. Anakaa chini ya viti vya plastiki, kwenye mdomo wa vyungu vya maua, nyuma ya geti, chini ya mfuniko wa boksi la mita ya maji. Ukimgusa anajikunja na kuanguka kama amekufa. Pembeni yake kuna vifuko vya rangi ya maziwa vyenye vimiiba pande zote, mfano wa tunda la mnyonyo ila vidogo, kama sentimita 1.

Dai langu ni kwamba huyu ni mgeni, ameletwa na magari ya mtumba kutoka Japani. Anayepinga aje na hoja. Na anayejua namna ya kumwondoa aeleze kwa vipimo, maana "piga dawa" peke yake haitusaidii.

#2 FundiGeti_Tabata
Mleta mada, ongeza skwea paipu kwenye orodha yako. Mageti na grili nyingi mjini zimeachwa wazi miishoni. Skwea paipu ya inchi moja na nusu, wazi upande wa chini, ni chumba kamili kwake: kivuli, pakavu, upepo haumfikii, na mdomoni anatega nyuzi zake zinazoshuka hadi sakafuni. Ukifagia nje unaona umemaliza, kumbe mwenyewe yuko ndani sentimita 10.

Tiba yake ni kuziba. Kofia za plastiki za skwea zinauzwa kwenye maduka ya vyuma, zinagongwa kwa nyundo ya mpira. Au piga weldi kibati cha mil 1.5. Angalizo kwa mafundi wenzangu: usizibe juu na chini bila kuacha pa kutokea maji, paipu itaoza kutoka ndani. Toboa tundu la mil 4 sehemu ya chini kabisa, likiangalia ardhini. Jike aliyekomaa mwenye tumbo lililojaa hapiti hapo.

#3 Mwl_Viumbe
Kwa maelezo ya vifuko vya miiba, huyo ni Latrodectus geometricus, mjane wa kahawia. Ni ndugu wa mjane mweusi, yule buibui anayejulikana kwa sumu yake. Tuwe waangalifu na rangi: wapo weupe-weupe, wapo kahawia iliyoiva, wapo wanaokaribia weusi, na mjane mweusi akiwa mtoto naye ana michirizi ya kahawia. Kwa hiyo rangi si ushahidi wa kutosha. Alama ya chini ya tumbo, pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, ni ya chungwa kwa huyu, lakini wajane wengine nao wanayo kwa rangi nyekundu. Kinachomaliza ubishi ni kifuko. Vimiiba vile vya hariri ni vya huyu. Ukiona kifuko laini kama pamba, umekosea mtu.

Sasa kuhusu ugeni. Alielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1841 na C. L. Koch, kwa kielelezo cha Amerika Kusini. Ndiyo maana watu wamebishana muda mrefu kama asili yake ni huko au ni Afrika. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2004 uligawa jamii ya wajane katika makundi mawili, na huyu akaangukia kundi moja na Latrodectus rhodesiensis, ambaye ni wa kusini mwa Afrika. Hilo linavuta upande wa Afrika. Yaani Florida, California na Japani ndiko alikohamia. Huku kwetu tuna sababu nzuri ya kumwita mwenyeji.

#4 MzigoBandarini
Mwalimu, heshima yako, lakini kuwa na asili ya Afrika hakumaanishi kila buibui aliyepo Mbweni amezaliwa na wazee wa Mbweni. Bara ni kubwa. Kiumbe anaweza kuwa wa nyanda za kusini halafu akafika mwambao kwa meli na malori. Kitu chochote kinachokaa yadi miezi miwili bila kuguswa kinavuta buibui: chini ya bampa, ndani ya tairi la akiba, kwenye matao ya magurudumu, chini ya paleti. Buibui mgongo-mwekundu wa Australia alionekana Osaka mwaka 1995 na akaweka makazi Japani. Kama wajane wanafika Japani kwa mizigo, mizigo ya kutoka Japani nayo inaweza kuwabeba.

Anayetoa gari yadi Kurasini au popote afanye hivi kabla ya kuliingiza nyumbani: lioshwe kwa mashine ya presha sehemu za chini, matao ya magurudumu yote manne, nyuma ya namba, na kishimo cha tairi la akiba kifunguliwe kikaguliwe kwa tochi. Ni kazi ya nusu saa.

#5 Mwl_Viumbe
MzigoBandarini alisema: *"mizigo ya kutoka Japani nayo inaweza kuwabeba"*

Inaweza, sikatai. Lakini mgongo-mwekundu ni spishi nyingine, Latrodectus hasselti, na vifuko vyake havina miiba. Usitumie safari ya mmoja kuthibitisha safari ya mwingine. Ushauri wa kuosha gari nauunga mkono kwa asilimia zote.

#6 Mama_Maua
Mnahangaika na bandari, mnaacha vitalu vya maua vilivyo kando ya barabara. Chungu cha plastiki kina ukingo uliokunjwa kwa nje. Pitisha kijiti kwenye ukunjo huo, chungu kimoja kati ya kumi utasikia nyuzi zinakatika. Mnunuzi anabeba chungu, anakiweka barazani, baada ya mwezi anasema buibui wametoka hewani.

Tunaouza tuna wajibu hapo. Chungu kigeuzwe, ukingo na mashimo ya chini vipigwe brashi, kisha maji ya bomba kwa nguvu. Na mnunuzi akifika nyumbani akitenge, akiweke peke yake wiki tatu mbali na vingine, akikague mara mbili kwa wiki. Wiki tatu kwa sababu vifaranga hutoka kwenye kifuko ndani ya wiki mbili hadi tatu kwa joto letu hili.

Na jambo ambalo halijatajwa: viti vya kukodi vya shughuli. Vinatoka stoo vikiwa vimepangwa ishirini ishirini, vinapakiwa kwenye kirikuu, leo harusi Mbagala, kesho msiba Kimara, keshokutwa hitma Magomeni. Chini ya kila kiti kuna mbavu za plastiki. Mimi naona hapo ndipo usafiri wao ulipo, kuliko kwenye meli.

#7 FundiGeti_Tabata
Mama_Maua, umeongea. Hiyo ya viti vya shughuli sikuwahi kuifikiria.

#8 Kaka_Kimara
Tusiongelee makazi tu, tuongelee sumu. Kuna picha zinazunguka za mkono wenye malengelenge yaliyopangwa mstari, ngozi imeungua, watu wanaandika "ameumwa na mjane wa kahawia". Je, huyu buibui anaunguza nyama hivyo? Wenye watoto wadogo tunataka jibu la wazi.

#9 Nesi_wa_Zamu
Jibu la wazi ni hapana. Sumu ya wajane inashambulia mishipa ya fahamu, haiozeshi ngozi. Malengelenge ya mstari yanayoanza siku moja au mbili baadaye, hasa msimu wa mvua, mara nyingi ni ya yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na chungwa, nairobi flai. Hang'ati. Unampondea mwenyewe kwenye shingo au mkononi usingizini, majimaji yake ndiyo yanaunguza. Dalili yake kubwa ni jeraha pacha: kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa juu na wa chini vinafanana kwa sababu ngozi mbili ziligusana. Akitua mwilini mpulize, usimpige. Ukishampondea, osha haraka kwa maji mengi na sabuni, na shuka ifuliwe.

Uvimbe mmoja wenye usaha, moto na maumivu yanayopanda polepole ni jipu, nenda kituo cha afya. Vipele vitatu vinne vimefuatana kwenye sehemu iliyogusa godoro, kagua kunguni kwenye pindo la godoro na kwenye matundu ya skrubu za kitanda. Kipele chenye kitundu katikati kinachotoa majimaji na kinachochezacheza ni funza wa inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, ndiyo sababu ya kupiga pasi mpaka kwenye mishono. Malengelenge upande mmoja wa mwili yanayofuata mkanda ni mkanda wa jeshi. Haya yote yanasingiziwa buibui.

Mjane wa kahawia aking'ata, na hilo hutokea akibanwa kati ya ngozi na kitu, unasikia mchomo kama wa nyuki au mkali zaidi, panakuwa pekundu, pengine unaona vidoa viwili vidogo. Kwa wengi maumivu hubaki hapohapo na kupungua ndani ya siku moja au mbili. Afrika Kusini mwaka 1993 zilichapishwa kesi 45 za kung'atwa na wajane, 30 za mweusi na 15 za kahawia, na za kahawia zilikuwa nyepesi wazi.

Cha kufanya: osha kwa sabuni na maji, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10, pumzisha dakika 10, rudia. Paracetamol kwa kipimo cha kawaida. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Nenda hospitali bila kusubiri kama misuli inakaza, tumbo linakuwa gumu, jasho linatoka kwa wingi, anatapika, au kama aliyeng'atwa ni mtoto mdogo, mzee au mjamzito. Buibui mwenyewe akipatikana, hata akiwa amepondeka, wekeni kwenye chupa mwende naye.

#10 Kaka_Kimara
Asante sana Nesi. Hii ya jeraha pacha inafaa ibandikwe ukutani.

#11 Mzee_Mtoni
Mbona kwingine wanasema sumu yake ni kali kuliko ya mjane mweusi? Sasa unasema nyepesi. Ipi ni ipi?

#12 Mwl_Viumbe
Zote mbili ni kweli, Mzee. Tone kwa tone, maabara inaonyesha sumu yake haipungui ile ya mweusi, pengine inaizidi. Ila aking'ata anaingiza kidogo sana, na tabia yake ni ya kukimbia na kujifanya mfu. Ukali wa sumu na ukali wa jeraha ni vitu viwili.

#13 DawaNaLebo
Nimeona swali la mleta mada la dawa halijajibiwa. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini, delitamethrini na lamda-sihalothrini, zinamuua ikiwa tu zimemlowesha mwenyewe. Watu wanapaka ukuta wakitegemea masalia yafanye kazi kama kwa mende, halafu wanalalamika dawa feki. Sababu ni hizi. Mende anatembea juu ya dawa na anajilamba miguu, anaimeza. Huyu ananing'inia kwenye nyuzi, ukutani hashuki, na akishuka anagusa kwa ncha za miguu tu.

Sababu ya pili ni ukuta wenyewe. Ukuta uliopakwa chokaa au plasta mbichi ya saruji una magadi mengi, na magadi huvunja pairethroidi haraka. Sababu ya tatu ni vipimo. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 5, bomba la mgongoni la lita 16 linachukua mililita 32. Kifuniko cha chupa si kipimo, nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, uliandike DAWA na ulitenge.

Ya nne ndiyo kubwa: kifuko cha mayai. Hariri yake imesukwa mnene, dawa nyingi za maji zinaishia juu. Unamuua mama, wiki mbili baadaye wanatoka mia na zaidi.

Na tafadhali, usiingize dawa za shambani zisizo na lebo ndani ya nyumba. Chupa iwe na lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na iseme inafaa majumbani. Ya kumimina kwenye chupa ya maji mtaani, achana nayo.

#14 FundiGeti_Tabata
Hapo kwenye skwea paipu dawa ya kopo yenye mrija mwembamba inafaa, kwa sababu unampata mwenyewe ndani. Sekunde mbili, ziba mdomo wa paipu kwa tambara dakika 15, kisha ingiza waya wenye tambara kusafisha, ndipo upige kofia. Lakini kamwe usipulize dawa ya kopo halafu ukapiga weldi hapohapo. Inashika moto. Acha geti wazi siku nzima kwanza.

#15 Mtoto_wa_Pwani
Wakuu, wazee wetu walitukataza kuua buibui kwa heshima ya yule aliyetanda mlangoni mwa pango alimojificha Mtume. Tandabui inaondolewa kwa ufagio, mwenyewe anaachwa ajiendee. Na lugha yetu yenyewe imempa heshima: mama zetu walivaa buibui kwenda shughulini. Leo tunafundishana kuwaponda. Hakuna njia ya kati?

#16 Mama_Maua
Mtoto_wa_Pwani, hoja yako naipokea kwa moyo mmoja. Njia ya kati ipo, ni kuwajua kwa sura. Anayepaswa kuondoka ni mmoja tu.

#17 Mwl_Viumbe
Naongezea hapo, maana hili linaniuma. Kila nikiona mtu amepiga dawa nyumba nzima, najua amewafukuza walinzi wake.

Yule mkubwa bapa, miguu imetanuka kama kiganja cha mtoto, anayekimbia ukutani usiku na kubeba kifuko cheupe kama sarafu chini ya kifua, ni Heteropoda venatoria. Naye asili yake si hapa, inahesabiwa ni Asia ya kitropiki, amesambazwa na vyombo vya baharini. Ila anakula mende. Mwache. Wale wafupi wanaorukaruka ukutani mchana na kukugeukia kukutazama wanakula inzi na mbu. Waache. Mwenye miguu mirefu kama nywele kwenye kona ya dari, anayetikisika ukimgusa, ni wa familia ya Pholcidae, ambayo ina wawindaji wanaoingia kwenye nyuzi za buibui wenzao na kuwafunga. Huyo ndiye wa kumlinda kabisa. Kwenye uvungu wa paa kwa nje yupo Nephilingis cruentata, mwenye nyumba ya mrija ukutani na utando mpana chini yake. Huyo ni Mwafrika aliyekwenda kuwa mgeni Amerika Kusini.

Nje ya buibui, kuna mjusi kafiri, na kuna nyigu wa udongo wanaobeba buibui na kuwafungia kwenye vichuguu vyao vidogo vya matope. Watu wanabomoa vichuguu hivyo kwa sababu vinachafua ukuta.

#18 TaaZaNje
Naona maelezo ya asili yake ni mengi, lakini swali la mleta mada ni kwa nini *anazidi*. Jibu langu ni taa. Miaka ya karibuni kila fensi imewekewa taa nyeupe kali, zinawaka usiku kucha. Kumbikumbi, nondo na mende wa mvua wanajaa hapo. Buibui anayekaa mita mbili kutoka kwenye taa anashiba kila siku, na jike aliyeshiba anatengeneza kifuko kingine na kingine. Huyu anaweza kutengeneza takribani 20 katika maisha yake, kila kimoja na mayai zaidi ya mia. Mjane mweusi wa Marekani anafikisha kama 10.

Badili taa iwe ya njano, ihamishwe kutoka juu ya mlango iwekwe kwenye nguzo mita 4 au 5 kutoka nyumbani ikimulika kuelekea mlango, au iwe ya kuhisi mtu anapopita. Nairobi flai aliyemtaja Nesi naye atapungua, maana naye anafuata taa.

#19 MzigoBandarini
TaaZaNje, taa inaeleza shibe, haielezi ujio. Mtaa usio na taa za nje nao unao, chini ya viti vya kijiweni. Mimi bado nasimama na mizigo, ingawa viti vya shughuli vya Mama_Maua vinanipa shida kuvipinga.

#20 Mzee_Mtoni
Na mimi nasema ni dawa zenyewe. Soma tena namba 13 na namba 17 kwa pamoja. Dawa ya ukutani inaua wanaotembea ukutani: warukaji, yule bapa, na chakula cha mjusi. Anayening'inia anabaki. Tunampunguzia washindani kwa pesa zetu.

#21 Mwl_Viumbe
Hoja nzito, Mzee. Nayo haiui hoja ya taa wala ya viti. Ushindani kati ya buibui ni jambo kubwa: huko Florida, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha mjane wa kahawia anamfuata mjane mweusi mwenyeji na kumuua, wakati buibui wa jamii nyingine haandamwi hivyo.

#22 Bustani_Mbweni
Nashukuru wote, nimejifunza na nalegeza dai langu la magari, silifuti. Sasa tupate kazi yenyewe kwa mkono: vifaa, saa, hatua. Na vifuko vinateketezwaje? Kuna aliyeniambia nivitupe kwenye ndoo ya maji.

#23 Mama_Maua
Ndoo ya maji matupu haifai. Kifuko kinaelea juu, hariri inakataa maji. Kitoe baada ya saa moja ukipasue, ndani pakavu.

Kazi ifanyike kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Mchana jike amejibana kwenye kona, usiku anatoka ananing'inia tumbo juu, na ile alama ya chungwa inang'aa kwenye tochi. Vaa glavu za ngozi, viatu vya kufunika na mikono mirefu. Andaa tochi, chupa ya plastiki ya mdomo mpana yenye kifuniko ikiwa na robo ya maji na kijiko kimoja cha sabuni ya unga, na njiti mbili za chelewa. Njiti moja isogeze chini ya buibui kama kinga, nyingine imsukume. Ataanguka, na mara nyingi anaanguka wima kabisa, kwa hiyo mdomo wa chupa uwe chini yake tangu mwanzo. Sabuni inalainisha maji yanamshika, hatoki.

Kisha zungusha njiti kwenye tandabui kama unayesokota pamba. Hapo sikiliza: nyuzi zake zikikatika zinalia tititi kama kitambaa kinachochanwa polepole. Tandabui ya buibui wa kawaida hailii hivyo, ni laini. Hata asipoonekana mwenyewe, mlio huo unakuambia yuko karibu, endelea kutafuta. Vifuko vitakuja na njiti. Viweke juu ya sakafu ya saruji, ponda kwa jiwe au bana kwa koleo mpaka majimaji yatoke. Au tupa kwenye makaa ya jiko. Kifuko chenye kitundu ni kitupu, wameshatoka, ila hesabu vyote: idadi yake inakuambia jike amekaa hapo muda gani.

Rudia baada ya siku 14, tena baada ya 14, tena 14. Raundi nne. Wanaoshindwa wanaishia raundi ya kwanza, kwa sababu baada ya kusafisha panaonekana pazuri.

#24 DawaNaLebo
Mama_Maua, marekebisho madogo: vifuko vilivyofichika usivyoweza kufikia, mfano ndani ya tofali tundu, visiachwe. Ziba tundu kwa mota ya saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 4, ukandamize ndani angalau sentimita 3. Wakitotoka, wamefungiwa. Na usimwage mafuta ya taa wala petroli kwenye tundu kisha kiberiti. Nyaya za umeme zinapita kwenye kuta hizo.

#25 Kaka_Kimara
Vitu vya watoto je? Baiskeli, viatu vilivyoachwa barazani, na helmeti ya bodaboda?

#26 Nesi_wa_Zamu
Hapo ndipo mtu anapobanwa ngozi kwa ngozi na buibui, kwa hiyo ndipo pa kuanzia. Viatu vilale ndani au vining'inizwe soli juu, na kabla ya kuvaa vigongwe kisigino chini mara tatu. Helmeti isiachwe imefunuka juu ya tanki la pikipiki usiku kucha, itundikwe ndani. Kabla ya kuvaa, pitisha tochi kwenye pengo kati ya sponji na gamba. Baiskeli kagua chini ya siti na ndani ya mishikio. Kiti cha plastiki mtu anapokishika kukivuta, vidole vinaingia chini kabisa ya ukingo: wafundishwe watoto kukishika kwa juu, kwenye egemeo. Mfuniko wa mita ya maji uinuliwe kwa bisibisi, siyo kwa vidole.

#27 Mtoto_wa_Pwani
Nimetoka kugeuza viti vinne vya barazani. Vitatu havina kitu. Cha nne kina vifuko sita, viwili vina vitundu, na nyuzi zinalia vilevile alivyosema Mama_Maua. Kiti hicho kilikodishwa kwenye arobaini mwezi uliopita kikarudi.

#28 Mama_Maua
Vifuko sita huenda si vya mwezi mmoja wa barazani kwako tu. Angalia rangi: vipya ni vyeupe vya maziwa, vya zamani vinakuwa na vumbi na kijivu. Ukiona vyenye vitundu ndivyo vya kijivu, huenda jike alikuwepo kabla ya arobaini, na alikwenda na kiti hicho kwenye shughuli.

#29 MzigoBandarini
Au alipanda akiwa stoo ya wakodishaji wakati viti vimechanganyika. Mtoto_wa_Pwani, kiti ni chako au ulirudishiwa cha mtu mwingine? Angalia alama ya chini.

#30 Mtoto_wa_Pwani
Alama ya chini siioni, imefunikwa na tandabui. Naisafisha kwanza.